Bibi Aliyeisalimia Radi

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili. Nauza mahindi na maharage sokoni Sumbawanga, gunia nalibeba mwenyewe nikimkosa mbebaji, na kuna mchuuzi mmoja pale ambaye bado ana kovu kwenye nyusi kwa sababu alinichezea mizani. Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea kijijini, upande wa Kate, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunipiga hata kibao. Watu huniuliza hasira hii nimeirithi kwa nani. Sijui, lakini si kwake.

Imani ya Bibi ilianza kunitia aibu nikiwa darasa la tano. Kwenye jumuiya, zamu ya maombi ikifika, wenzake waliomba mvua, afya, watoto wafaulu. Bibi hakuomba kitu. Alimshukuru Mungu kwa kuku aliyeanza kutaga, akaeleza na rangi yake, yule mwenye madoa shingoni, Baba, unamjua. Akina mama walicheka ndani ya vitenge vyao na mimi nikatamani ardhi inimeze. Alishukuru kwa chumvi. Alishukuru kwa jino lililong'oka bila kuuma sana. Alisema na Mungu kama mtoto anavyosema na baba yake aliyerudi kazini, anamweleza mambo yote ya mchana bila kujali kama yana maana.

Kwetu Ufipa mtu mkubwa husalimiwa kwa magoti na makofi. Unapiga magoti, unakunja viganja kidogo ili sauti iwe nzito, unapiga polepole mpaka aitikie. Bibi alimsalimia Mungu hivyohivyo. Ngurumo ya kwanza ikisikika aliacha alichokuwa akifanya, akapiga magoti mlangoni na kuanza makofi yake. "Baba anapita," alisema. "Apite mbele ya nyumba yangu nimnyamazie?" Nilipokuwa mdogo nilipiga magoti pembeni yake, na katika watoto wote wa kitongoji kile mimi peke yangu ndiye ambaye sikuwahi kuingia chini ya kitanda kwa ajili ya radi. Baadaye nikakua, nikahamia mjini, Kizwite, nikayaona yale makofi kuwa mambo ya kizee.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka juzi nilikwenda kijijini kumsaidia kupanda. Mchana mmoja wingu likatanda, ikanguruma, na Bibi akaacha mbegu kwenye ungo na kwenda mlangoni. Nilikuwa na simu mkononi. Nikampiga video, magoti yake makavu, makofi yake, uso umeinuliwa, na radi ikapiga mbali huko kwenye vilima wakati huohuo kana kwamba inamwitikia. Nilicheka kwa sauti. Kisha nikairusha kwenye kundi la ukoo, na chini yake nikaandika: "Bibi na radi yake wanajuana. Msimchezee."

Lazima nieleze kosa lilivyo, maana mtu wa mbali anaweza asilione. Kila Mfipa aliyewahi kusafiri anaujua utani huu. Ukisema umetoka Sumbawanga, mtu anajifanya anaruka pembeni na kusema usinitumie radi. Tunacheka nao. Halafu tunarudi nyumbani, ambako si utani. Radi ikiua, wapo watu watakaouliza imetumwa na nani kabla hawajauliza mazishi ni saa ngapi. Mimi nimezaliwa pale, nalijua hilo, na bado niliandika. Ukoo ulicheka siku nzima, na mtu mmoja katika ukoo akaipeleka video kwa rafiki, na rafiki kwa mwingine.

Siku nne baadaye radi ilimpiga kijana wa jirani yetu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee yule, ana miaka ishirini na kitu, na alikuwa shambani akiwafungua ng'ombe kwenye plau. Walikufa wote watatu, yeye na ng'ombe wawili. Bibi alikuwa mlangoni anapiga makofi. Mimi niliona mwanga tu, mweupe, ukaingia mpaka ndani ya sufuria, kisha likaja yowe la mama yake kutoka ng'ambo ya kijito.

Bibi alilia. Aliposikia ni nani, alijipiga kifuani mara mbili akasema, "Mtoto wetu!" Kisha akajifunga kitenge, akachota unga wa ulezi, akajaza kikapu cha kupeleka msibani. Mvua ilikuwa imekatika. Ilikuwa saa kumi jioni na jua limetoka kali, udongo unatoa mvuke. Nilikuwa nje naosha miguu ili tuongozane nilipowasikia wanakuja, na sauti ya kwanza niliyoitambua ilikuwa yangu mwenyewe. Kicheko changu kilikuwa kinatoka kwenye simu ya mtu.

Walikuwa kama ishirini, karibu wote vijana, na wengine nilisoma nao. Mbele yao alikuwa jirani, baba wa marehemu, ana mpini wa jembe mkononi. Pembeni yake kijana mmoja aliinua simu juu, video inacheza, inaisha, inaanza tena. Bibi alitoka na kikapu chake. Hakuwa ameelewa kitu. Alipiga goti moja, akawapa pole, akasema, "Nilikuwa nakuja kwenu, baba. Ndiyo natoka sasa hivi."

Jirani alimpiga mgongoni kwa ule mpini. Ulitoa sauti kama ya mtu anayekung'uta godoro. Bibi akaanguka kifudifudi na unga ukamwagika chini yake, na wale vijana wakaingia. Niliona kiatu kinampiga mbavuni. Niliona mwanamke mzima, mama wa watoto, anamtemea mate. Mtu akapiga kelele iletwe mafuta ya taa, na mwingine hakusubiri mafuta, akachomoa kijinga jikoni na kukitupa juu ya nyasi za jiko la nje. Jiwe likapiga bati, likaja jingine, yakawa mengi. Bibi hakuwaambia acheni. Alikuwa anasema, "Baba. Baba. Baba," na mpaka leo sijui alikuwa anamwita nani.

Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Ni mchi wa mti mgumu, mrefu kunizidi, ambao nilitwangia tangu sijaota matiti, na mikono yangu inaujua uzito wake. Wa kwanza kumpata alikuwa yule mwenye simu. Nilimpiga begani na nikasikia mtulinga unavunjika, simu ikaruka kwenye matope bado inacheka kicheko changu. Wa pili nilimsukumia ncha ya mchi mdomoni, akakaa chini anashika meno yake kwenye kiganja. Sitasema uongo, nilifurahi. Watu husema mtu akipandwa na hasira haoni. Mimi niliona kila kitu, niliona mpaka vifungo vya mashati yao, na niliona kwamba wananiogopa, na ilikuwa tamu.

Kisha nikamgeukia jirani. Nilimpiga gotini, akaanguka chali, mpini ukamtoka. Alinitazama kutoka pale chini na hakuinua hata mkono kujikinga. Nadhani hakutaka kujikinga. Nikauinua mchi kwa mikono miwili juu ya kichwa chake kama ninavyouinua juu ya kinu, na nilikuwa naua. Sitaki mtu aniwekee maneno laini hapa. Nilijua ni kichwa cha nani, nilijua mtoto wake amelala amekufa ng'ambo ya kijito, nikaushusha kwa nguvu zangu zote.

Bibi alijitupa juu yake. Sijui alitambaa saa ngapi, mwanamke wa umri ule, na mbavu zile. Alimlalia jirani kifuani na kumfunika kichwa kwa mkono wake wa kulia, na mchi wangu ukatua kwenye ule mkono, katikati ya kiwiko na kifundo. Mfupa ulivunjika kama kuni kavu. Mkono ukapinda mahali ambapo mkono haupindi, na ncha nyeupe ikatokeza.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno, kisha, mdomo wake ukiwa karibu na sikio la jirani, alimwambia alichokuwa anakwenda kumwambia. "Pole, baba. Pole kwa mtoto wetu."

Jirani alilia. Nimesikia ng'ombe wakichinjwa na sijasikia sauti kama ile. Alimshika Bibi mgongoni, palepale alipompiga, akalia akiwa amelala chini yake kwenye matope na unga, na wale ishirini wakasimama. Sidhani kama waliingiwa na huruma. Nadhani hawakujua tu la kufanya, maana mfiwa alikuwa chini, na mchawi waliyekuja kumuua amemlalia juu anampa pole. Mmoja mmoja wakaanza kurudi nyuma. Jiko likaanguka, cheche zikaruka, hakuna aliyezima.

Tulimpeleka hospitali mjini kwa gari la mtu aliyekuja kununua maharage, Bibi amelazwa juu ya magunia na mimi nimeshikilia ule mkono kwenye kipande cha ubao. Barabara ile ina mashimo. Kila shimo alisema, "Asante," kwa sauti ndogo, na nilidhani amechanganyikiwa. Nikamuuliza anashukuru nini. Akasema, "Tumelivuka."

Polisi alikuja hospitali asubuhi iliyofuata. Bibi alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, bado ana usingizi wa dawa, kwa hiyo aliniuliza mimi, tukiwa wawili kwenye korido. Nani alimpiga? Nikamtajia. Na mkono, nani alivunja mkono? Afande alikuwa ameinamia daftari lake. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Yeye huyohuyo. Kwa mpini wa jembe." Akaandika. Mchana wakamchukua jirani msibani kwake, na mtoto wake akazikwa kesho yake baba yuko mahabusu.

Kwa Bibi sikuweza kuficha. Alipoamka vizuri nilimweleza yote, nikaanza na video. Aliomba aione. Nikamwonesha, nikiwa nimeweka kidole kwenye spika ili kicheko kisisikike, naye akaitazama mpaka mwisho, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi." Kisha nikamwambia nilichomwambia afande. Hakuniuliza kwa nini. "Basi utakwenda kumwambia vizuri," akasema, na akaomba maji.

Sikwenda. Zilipita siku, akaruhusiwa, nikamleta kwangu Kizwite, na sikwenda. Nilikuwa na hoja zangu na bado naziona zina nguvu. Mzee yule alimpiga ajuza mgongoni kwa mpini, hilo halina ubishi na yeye mwenyewe hakulikana. Alikuja kumuua. Mfupa mmoja zaidi kwenye faili lake una uzito gani? Na mimi nikifungwa, nani atamwogesha Bibi, nani atamlisha, maana mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko na wa kushoto ulikuwa unatetemeka hata kabla ya haya yote. Nilizipanga hoja hizi vizuri nikiwa natwanga, nikiwa sokoni, nikiwa kitandani.

Bibi hakubishana nazo. Kila asubuhi nilipomkalisha kwenye mkeka alifumba macho na kusali kwa sauti, nami nipo hapohapo nakoroga uji. "Asante, Baba, kwa kuwa leo binti huyu atakwenda kusema ukweli." Si kuomba. Ni kushukuru, kama kitu kimeshafanyika na kilichobaki ni adabu tu. Jioni nilirudi sijaenda, na hakuuliza. Kesho yake tena, "Asante, Baba, kwa kuwa leo atakwenda," kwa furaha ileile, na jana yote imefutika. Ndivyo alivyonisubiri mlangoni nilipokuwa shule, ananiandalia kiporo hata siku niliyochelewa kwa makusudi.

Asubuhi ya tatu nilimpigia kelele. Nilimwambia, "Bibi, acha! Sijaenda na siendi! Unamdanganya Mungu!"

"Simdanganyi," akasema. "Namshukuru."

"Unamshukuru kwa kitu ambacho hakipo!"

"Kipo njiani, mke mwenzangu." Ndivyo anavyoniita akitaka kunitania, kwa sababu babu aliniita mke wake mdogo.

Nilikitupa kikombe ukutani. Kilivunjika vipande vipande, kimoja kikamwangukia mapajani. Niliona anashtuka, mwili wote, kama mtu aliyepigwa, na nilichukia kwamba sasa anashtuka nikiinua mkono, yeye ambaye radi haikuwahi kumshtua. Alikiokota kile kipande kwa mkono wa kushoto, akakitazama. "Kilikuwa kizuri," akasema. Nikaenda sokoni, nikagombana na kila mtu.

Asubuhi ya nne alifumba macho na mimi nikakaza meno, nangoja. Akaanza na usingizi alioupata. Akaja kwenye mkono, kwamba haukuwasha sana usiku. Akamshukuru kwa mama wa marehemu, kwamba ana dada zake karibu. Kisha akasema, "Na asante, Baba, kwa mikono ya huyu mtoto. Ilinipigania wote waliponizunguka. Ilipitiliza kidogo, lakini ni yako, wewe ndiye uliyeitengeneza. Iangalie isije ikaogopa."

Niliuacha uji jikoni. Nilitoka na kitenge cha nyumbani, ndala mguuni, nikapanda bodaboda na njia nzima nilikuwa namtukana Mungu. Nilimtukana kwa maneno ya sokoni, kwa sauti, mpaka kijana wa pikipiki akaniuliza mama vipi. Nilimwambia Mungu kwamba anamtumia kizee wa watu kunisulubu, kwamba kama alikuwa anapita siku ile mbele ya nyumba yetu na kusalimiwa kwa magoti, basi alipita anatazama wapi, na huyu kijana aliyekufa na ng'ombe wake alimkosea nini. Sikuwa nimesema na Mungu kwa moyo wote tangu utotoni. Nadhani ile ilikuwa sala, maana sikubakiza kitu.

Afande hakufurahi kuniona. Nilimwambia mkono niliuvunja mimi, kwa mchi, na nilikuwa namlenga kichwa mzee yule. Akasema, "Mama, nenda nyumbani ukapumzike." Nikarudia. Akasema faili limeshakwenda juu. Nikapiga kaunta kwa kiganja mpaka askari wawili wakatoka ndani, nikasema wasiponiandika nalala hapohapo. Wakaniandika. Nilikaa kwenye benchi mpaka alasiri, wakanirudisha kwa dhamana ya kaka yangu, na tangu hapo naripoti kila Jumatatu, kwa mkono wa Bibi na kwa mtulinga wa yule kijana. Jirani alitoka kwa dhamana wiki hiyohiyo. Kesi yake ya kumpiga Bibi ipo palepale, na kama kuna mtu anataka kusikia kwamba nimemsamehe, asubiri. Sijafika huko.

Nilipofika nyumbani, mwenye nyumba alinilalamikia mlangoni kwamba Bibi amekataa kula kutwa nzima. Amepelekewa uji mara mbili, ameshukuru vizuri, akasema, "Mwenye kunilisha anakuja." Nilimkuta kwenye mkeka palepale nilipomwacha. Nikaupasha moto ule uji wa asubuhi, nikakaa mbele yake.

"Nimesema, Bibi."

"Ndiyo," akasema, kama mtu aliyeambiwa kuwa kesho ni Jumapili.

"Wanaweza kunifunga."

"Sawa. Njaa inaniuma."

Nilijaza kijiko, nikakipuliza. Alifumba macho, akafungua mdomo, akangoja. Kijiko kiligonga jino lake na uji wa moto ukamwagikia kidevuni, ukashuka shingoni. Hakufumbua macho, wala hakuufunga mdomo.